Kesho Wanacheza Tena

Mji wa Pittsburgh, magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, una timu tatu kubwa za kulipwa, na zote huvaa nyeusi na dhahabu, rangi za bendera ya mji. Steelers wa mpira wa Kimarekani wametwaa ubingwa wa Super Bowl mara 6. Penguins, wanaocheza magongo kwenye barafu, wamebeba Kombe la Stanley mara 5. Ya tatu ni Pirates, timu ya besiboli, ambayo mara ya mwisho kuwa bingwa ilikuwa mwaka 1979, kabla mimi sijazaliwa.

Hiyo ya tatu ndiyo yangu. Kofia yake nyeusi yenye herufi P ya dhahabu naivaa nikienda sokoni na nikienda kazini. Wenzangu wa Kenya wanaoishi huku wengi wao wanafuata Arsenal na Manchester United kwenye televisheni, na sina neno nao. Lakini timu iliyo umbali wa safari moja ya basi, ambayo unaweza kuikuta uwanjani jioni ya Jumanne, ina raha ambayo televisheni haitoi. Raha hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mlango wangu ulikuwa redio. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na mama mmoja mzee niliyekuwa nikimtunza macho yake yalikuwa yamechoka. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba alitaka redio iwe imewashwa kabla ya saa moja jioni, chakula kiwe mezani, na mtu asizungumze. Mimi nimekulia Kilifi, katika nyumba ambayo mpira ulisikilizwa kwa sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa heshima ya redio siku ya mechi. Kumbe nilikuwa nimeingia katika mji ambamo desturi hiyo ilianzia. Tarehe 5 Agosti 1921 kituo cha KDKA cha hapa Pittsburgh kilitangaza mechi ya kwanza ya besiboli ya ligi kuu kuwahi kusikika redioni. Mtangazaji alikuwa Harold Arlin, na Pirates waliwashinda Phillies wa Philadelphia kwa 8 dhidi ya 5.

Mama yule alinifundisha mchezo kwa masikio kabla sijauona kwa macho. Pirates wakishindwa, alizima redio na kusema neno moja tu: kesho wanacheza tena. Na kweli, kesho yake walicheza. Timu ya ligi kuu ya besiboli hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kwa miezi 6, na 81 kati ya hizo ni za nyumbani. Kwa mtu aliyezoea kusubiri Jumamosi hadi Jumamosi, hilo pekee linabadilisha maana ya ushabiki. Huwezi kuomboleza mechi moja wiki nzima. Hakuna nafasi.

Aliyesoma shule ya msingi Kenya na kucheza raundas uwanjani wakati wa mapumziko tayari anajua nusu ya besiboli. Kuna anayerusha mpira, kuna anayeupiga kwa gongo, na akishaupiga anakimbia kutoka kituo hadi kituo akijaribu kurudi pale alipoanzia kabla hajatolewa auti. Nusu iliyobaki si ngumu.

Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glavu nene, na nyuma ya mdakaji amesimama mwamuzi. Mpira ukipita katika eneo halali, kati ya magoti na kifua, na mpigaji akauacha, ni straiki. Akizungusha gongo na kuukosa, ni straiki pia. Straiki tatu, auti. Mpira ukirushwa nje ya eneo hilo na mpigaji akauacha, huhesabiwa kosa la mrushaji. Makosa manne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Akiupiga, anakimbia. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, auti. Ukifikishwa kituoni kabla yake, auti. Auti tatu, timu zinabadilishana. Kila anayezunguka vituo vyote vinne huiletea timu yake pointi moja. Timu zikishapiga raundi 9 kila moja, mwenye pointi nyingi ameshinda, na zikilingana wanaendelea mpaka apatikane mshindi. Na mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa mwisho kwa juu, hiyo ni homurani: mpigaji anazunguka vituo kwa mwendo wake mwenyewe, na hakuna wa kumgusa.

Kuna hesabu moja ambayo kila shabiki anapaswa kuibeba. Mpigaji anayefaulu mara 3 katika kila majaribio 10, mwaka baada ya mwaka, ni bingwa wa kukumbukwa na wajukuu. Mara 7 zilizobaki anarudi kuketi akiwa ametolewa, mbele ya maelfu ya watu. Hata timu bora ya msimu hupoteza mechi 50 au 60. Ukikaa na mchezo huu, moyo wako unafunzwa kushindwa leo bila kukata tamaa ya kesho. Sijui mchezo mwingine unaofunza hivyo kwa uwazi.

Uwanja wa Pirates unaitwa PNC Park. Ulifunguliwa mwaka 2001 kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Allegheny, na njia nzuri kuliko zote za kuufikia ni kwa miguu. Siku ya mechi daraja la Roberto Clemente hufungwa kwa magari. Daraja zima, lenye vyuma vya rangi ya manjano, hujaa watu: baba amembeba mtoto mabegani, wazee wawili wamevaa jezi za miaka ya sabini, wachuuzi wanauza maji na karanga, kijana anapiga ngoma kwenye ndoo ya plastiki. Ukipenda kupumzisha miguu, treni ya mjini hupita chini ya mto na safari ya kutoka katikati ya mji hadi upande wa uwanja ni ya bure.

Nje ya uwanja kuna sanamu za magwiji, na watu wa Pittsburgh huzitumia kupanga miadi. "Tukutane kwa Wagner." "Tukutane kwa Stargell." Honus Wagner ni wa miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Willie Stargell ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya 1979. Alifariki tarehe 9 Aprili 2001, siku ileile uwanja huu ulipopokea mechi yake ya kwanza ya ligi. Bill Mazeroski amechongwa akikimbia, kofia mkononi, mikono hewani. Sanamu yake inahitaji maelezo, na mama mzee wangu alinipa. Tarehe 13 Oktoba 1960, Alhamisi mchana, akiwa msichana wa shule, yeye na wenzake walisikiliza redio darasani. Ilikuwa mechi ya saba na ya mwisho ya fainali dhidi ya New York Yankees. Katika mechi zote saba Yankees walipata pointi 55, Pirates 27 tu. Lakini ubingwa hauhesabiwi kwa pointi zote pamoja. Unahesabiwa kwa mechi, na kila upande ulikuwa na 3. Raundi ya 9, matokeo 9 kwa 9, Mazeroski akaupiga mpira ukavuka ukuta. Mechi ikaishia hapo, 10 kwa 9. Hadi leo hakuna mwingine aliyemaliza mechi ya saba ya fainali kwa homurani. Kipande cha ukuta wa uwanja ule wa zamani, Forbes Field, bado kimesimama mtaa wa Oakland, na kila tarehe 13 Oktoba mashabiki hukusanyika hapo kusikiliza matangazo ya siku ile yaliyorekodiwa.

Ndani ya PNC Park mimi hukaa juu. Uwanja una ghorofa mbili tu za viti, na hata kiti cha juu kabisa hakiko mbali na mchezo. Kutoka upande wa nyuma ya mpigaji unaona uwanja wote, nyuma yake mto, nyuma ya mto daraja na majengo marefu ya mji. Ukuta wa upande wa kulia una urefu wa futi 21, na mto uko mita 135 kutoka anaposimama mpigaji. Mpira ukipigwa kwa nguvu upande huo, watu wote husimama kutazama kama utafika majini.

Futi 21 hazikupimwa ovyo. Namba 21 ilikuwa ya Roberto Clemente. Alizaliwa mwaka 1934 Carolina, Puerto Rico, akaja Pittsburgh mwaka 1955, mtu mweusi anayezungumza Kihispania katika nchi ambayo bado ilikuwa ikitenga watu kwa rangi. Magazeti yaliandika Kiingereza chake kwa kumdhihaki. Alicheza Pirates maisha yake yote ya ligi kuu, akawasaidia kuchukua ubingwa wa 1960 na wa 1971, na tarehe 30 Septemba 1972 alipiga mpira wake wa 3,000 wa kufika kituoni. Haukufuatwa na mwingine katika mechi za kawaida za msimu huo. Desemba tetemeko la ardhi likaubomoa mji wa Managua, Nicaragua. Clemente alikusanya misaada, na aliposikia kwamba iliyotangulia haikuwafikia wenye shida, akaamua kuipeleka mwenyewe. Ndege ilianguka baharini karibu na San Juan usiku wa tarehe 31 Desemba 1972. Mwili wake haukupatikana. Kwa kawaida mchezaji husubiri miaka 5 ndipo afikiriwe kuingizwa katika Jumba la Magwiji. Yeye aliingizwa mwaka 1973. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji huu ulipona kwa mgeni yule, na ndiyo maana daraja, ukuta na sanamu vina jina lake au namba yake.

Nikieleza haya kwa mwanangu, uwanja unatupa nafasi ya kuzungumza. Besiboli ina mapengo. Tangu 2023 kuna saa inayomharakisha mrushaji, sekunde 15 tu kama hakuna mkimbiaji kituoni, na mechi nyingi sasa humalizika chini ya saa 3. Hata hivyo, kati ya mpira na mpira, kati ya raundi na raundi, bado unaweza kumega hamri na kumjibu mtoto swali. Nasema hamri kwa sababu PNC Park huruhusu uje na chakula chako, mradi kiwe ndani ya mfuko unaoonyesha kilichomo. Mimi hubeba mahamri na viazi karai. Majirani wa viti hunusa, huuliza, nami huwagawia. Wao hunipa karanga. Katikati ya mechi hushindanishwa watu waliovaa mavazi makubwa ya pierogi, vitafunwa vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, ambavyo wahamiaji wa Ulaya Mashariki walikuja navyo walipofanya kazi katika viwanda vya chuma vya hapa. Watoto hupiga kelele kuliko wakati mwingine wowote. Raundi ya 7 ikifika nusu, uwanja mzima husimama, hujinyoosha na kuimba pamoja.

Kuna historia nyingine ambayo mwanangu lazima aijue, na Pittsburgh ni mahali pake. Hadi mwaka 1947 ligi kuu haikumruhusu mchezaji mweusi. Weusi wakaunda ligi zao, na timu mbili kati ya zilizo bora kupita zote zilikuwa za hapa: Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Josh Gibson, mdakaji aliyechezea zote mbili, alipiga mpira kwa nguvu ambayo waliomwona hawakuacha kuisimulia. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers kuvunja kizuizi kile. Gibson amezikwa katika mji huuhuu. Mwaka 2024 ligi kuu iliingiza rasmi takwimu za ligi za weusi katika vitabu vyake, na wastani wa Gibson wa kupiga, .372, ukawa wa juu kuliko wote katika historia, mbele ya Ty Cobb. Haki hiyo ilichelewa miaka 77 baada ya kifo chake, na mimi huitaja kila ninapopata mtu wa kunisikiliza. Ni Pirates pia ambao tarehe 1 Septemba 1971 waliwaanzisha wachezaji 9 wote wakiwa weusi na Walatino, mara ya kwanza katika ligi kuu.

Ndiyo sababu nilisimama na kupiga makofi hadi viganja vikauma jioni ya tarehe 26 Aprili 2017. Pirates walikuwa wakicheza na mabingwa, Chicago Cubs. Katika raundi ya 4 aliingia Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli. Mama yake alifanya kazi katika klabu ya besiboli Randburg, na familia iliishi katika chumba kimoja hapohapo klabuni. Mtoto akajifunza mchezo kwa kuwa ulikuwa mlangoni pake. Pirates walimsajili mwaka 2008, na alisubiri karibu miaka 9 katika ligi za chini. Mama yake alikuwa ameshafariki. Mara yake ya kwanza kushika gongo, dhidi ya Jon Lester, mrushaji mwenye vikombe, aliupiga mpira ukapita katikati akafika kituo cha kwanza. Pirates walishinda 6 kwa 5. Hakudumu sana ligi kuu, lakini mlango ukishafunguliwa umefunguliwa.

Na nyuma yake wako wengine, karibu zaidi na kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto, zinazofanyika Williamsport, katika jimbo letu la Pennsylvania. Mwaka uliotangulia timu ya Uganda ilifuzu ikakosa viza. Leo vijana wa Uganda wanasajiliwa na klabu za Marekani, na mmoja wao, mrushaji David Matoma, alisajiliwa na Pirates hawahawa. Yuko ligi za chini akipanda ngazi. Siku akifika PNC Park, nitakuwa kwenye kiti changu cha juu na bendera ya Uganda.

Sasa lile gumu. Kuanzia 1993 hadi 2012 Pirates walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa na mechi nyingi walizoshindwa kuliko walizoshinda. Hakuna timu nyingine ya michezo mikubwa ya kulipwa Marekani Kaskazini iliyofika huko. Watoto walizaliwa, wakamaliza shule, hawajaona msimu mzuri hata mmoja. Mwaka 2013 ndipo kukapambazuka. Tarehe 1 Oktoba Cincinnati Reds walikuja kwa mechi moja ya mtoano. Watu zaidi ya 40,000 walivaa nyeusi. Mimi na mama mzee tulikuwa mbele ya redio, na kupitia redio tuliwasikia wakiliimba jina la mrushaji wa Reds, Johnny Cueto, kwa kuburuza, mpaka mpira ukamponyoka mkononi. Mpira uliofuata Russell Martin aliupiga ukavuka ukuta. Pirates walishinda 6 kwa 2. Mama alinishika mkono akacheka kama msichana.

Walirudi mtoano 2014 na 2015, na tangu hapo hadi msimu wa 2025 hawajafika tena. Mfano wa maumivu yetu ni Paul Skenes, kijana anayerusha mpira kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Mwaka 2025 alipewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake. Kwa kila raundi 9 aliwaachia wapinzani chini ya pointi 2 kwa wastani. Pamoja na hayo yote, rekodi yake ilikuwa mechi 10 za kushinda na 10 za kushindwa, kwa sababu wenzake hawakupata pointi za kutosha. Mashabiki wanadai wapigaji wasajiliwe, na mimi ni mmoja wao. Kuipenda timu hakumaanishi kunyamaza.

Watu huniuliza kwa nini basi naenda. Naenda kwa sababu uwanja huu ndio mahali pa kwanza katika nchi hii ambapo sikuulizwa nilikotoka kabla ya kuulizwa ninaonaje mrushaji wa leo. Jibu langu likawa na uzito sawa na la mzee aliyezaliwa mtaa wa pili. Uraia nilipewa kwa karatasi, tena baada ya miaka mingi. Umji nilipewa na watu wa viti vya juu, kwa kuja, kukaa, na kushindwa pamoja nao.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu Marekani, au ukihamia huku mwenyewe, tafuta timu ya besiboli iliyo karibu nawe. Kata tiketi ya siku ya kazi, kiti cha juu. Ndiyo rahisi, na ndiko waliko wanaojua mchezo. Fika mapema uwaone wachezaji wakipasha viungo. Keti karibu na mtu mzima, umsalimu, umwombe akueleze. Atafurahi kuliko unavyodhani. Beba chakula cha kugawana. Usiondoke kabla ya auti ya mwisho, hata timu yako ikiwa nyuma kwa pointi 6, maana mchezo huu hauna saa ya kuumaliza, na anayepiga bado ana nafasi mpaka atolewe.